Bendi Imeingia

Chama chetu cha Historia ya Mtaa kina sheria moja ambayo haijaandikwa popote na hakuna anayethubutu kuivunja. Jambo haliingii kwenye jarida mpaka watu watatu walikumbuke, kila mmoja peke yake, bila kusikilizana. Wa kwanza anaingia chumbani na kusimulia, wengine wanangoja nje kwenye benchi, na Mwenyekiti anasimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayetega sikio.

"Mmoja anaweza kuwa ameota," hutuambia. "Wawili wanaweza kuwa wamepatana. Nitafutieni wa tatu."

Mwenyekiti alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, na bado tunamwita Mama Mkunga. Wanachama wengi walipokelewa duniani na mikono yake, kwa hiyo kubishana naye ni kazi bure. "Wewe nilikuona kabla mama yako hajakuona," atakwambia. "Kaa chini."

Mimi ndiye mhariri wa jarida. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea historia, ninatafuta kazi, na katika kutafuta huko nikajikuta kila asubuhi kwenye chumba kile cha nyuma ya maktaba, kati ya picha zilizofifia na mashine ya kushonea isiyo na gurudumu. Jarida letu kubwa hutoka wakati wa kipupwe, baridi inapowafungia wazee ndani na kuwapa nafasi ya kusoma, na ya kutuandikia malalamiko. Kila mwaka toleo hilo lina mada yake. Mwaka huo nilipendekeza sauti za mtaa: zile tulizokuwa tukizisikia kila siku na sasa hazipo. Wote waliipenda. Sikuwaambia kwamba nilikuwa na sababu yangu nyumbani.

Sababu yangu ilikuwa Bibi.

Tuliishi wawili, mimi na yeye, katika nyumba ya mwisho ya kichochoro kinachoshuka kutoka kilipokuwa kiwanda cha viberiti. Asubuhi Bibi alikuwa mzima kabisa. Alinitania, aliniita mke mwenzake, alinisuta kwa kupika chai nyepesi. "Mke mwenzangu, chai hii umeichuja au umeifulia?" Lakini jua likianza kushuka, kitu fulani ndani yake kilihama. Alijitanda shali, akatoka hadi getini, akalifungua nusu, akasimama pale ameshika komeo.

"Bibi, ingia. Baridi hiyo."

"Siwezi kufunga. King'ora hakijalia. Babu yako bado yuko nje."

Kiwanda alichofanyia kazi Babu kilifungwa kabla sijazaliwa. Babu alifariki nikiwa bado nakwenda shule na vidole vyenye wino. Nilijaribu kumweleza, mara ya kwanza. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akizungumzia asichokijua, kisha akageukia njia. Sikujaribu tena. Nilimletea soksi, kofia, kikombe cha chai, na tukasimama wote wawili mpaka miguu yake ilipochoka.

Kipupwe kilipoingia, kifua kikambana. Alilazwa hospitali kwa homa ya mapafu, akarudi mwepesi kama nguo iliyokauka kambani, na jioni ya kwanza tu alikuwa getini tena. Shangazi, dada yake baba, alikuja mbio kutoka upande wa pili wa mji anakoishi, ghorofa ya juu, katika nyumba safi isiyo na uwanja.

"Mwisho wa mwezi namchukua," alisema. Tulikuwa jikoni, tunanong'ona.

"Shangazi, huko ghorofani ataona nini? Mapaa ya watu?"

"Ataona mapaa ya watu akiwa hai."

"Hapa anamjua kila mtu. Ukimtoa hapa, hata asubuhi yake ataipoteza."

"Wee mtoto, unadhani napenda?" Aliifuta meza iliyokuwa tayari safi. "Daktari kasema akirudiwa na homa ile, hatuna la kufanya. Nipe njia nyingine. Mfanye aingie ndani jua likizama, nami sitamgusa. Ukishindwa, namchukua."

Nilijiambia, basi kama anachongoja ni king'ora, nitamtafutia king'ora.

*

Hakuna aliyewahi kukirekodi king'ora cha kiwanda cha viberiti. Nani angerekodi kitu kilichomkera kila siku ya Mungu? Ikabidi tukitoe vichwani mwa watu. Niliita mashahidi wawili waliofanya kazi kule, na wa tatu akawa Mama Mkunga mwenyewe, aliyekuwa akikitumia kama saa ya kuzalishia.

Wa kwanza alikuwa Mzee Volti, fundi umeme wa kiwanda, ambaye kidole chake ndicho kilichobonyeza swichi. Aliingia, akavua kofia, akakohoa kidogo, akafumba macho. Kisha akatoa sauti iliyomfanya mtunza maktaba aje kuuliza kama kuna mgonjwa.

Wa pili alikuwa Mama Lebo. Maisha yake yote ya kazi alibandika vibandiko kwenye viboksi vya viberiti, na mpaka leo akizungumza, dole gumba lake linapiga pasi meza. King'ora chake kilianzia chini zaidi na kilikuwa na huzuni zaidi.

Walipokutana chumbani nikawachezea walichorekodi, vita vikazuka.

"Hicho ni king'ora au ng'ombe anayezaa?" aliuliza Mzee Volti.

"Na chako je? Birika limesahauliwa jikoni."

"Mama we, mimi ndiye niliyekibonyeza! Mimi ndiye baba yake!"

"Baba gani! Ulikuwa umejifungia chumba cha swichi umeziba masikio kwa pamba. Sisi ndio tulikisikia."

"Tulizeni mioyo," alisema Mama Mkunga. "Shinikizo la damu mnalo wote wawili, nimewapima mwenyewe."

Lakini jambo moja lilikuwa sawa kwa wote watatu, na hakuna aliyeambiwa na mwenzake. Kikifika mwisho, kikiwa kinashuka kuzima, king'ora kilipiga kwikwi. Kwikwi moja, kama mtoto aliyekwisha kulia. Mzee Volti alisema ni mota, ilikuwa imechoka. Mama Lebo alisema wasichana wa vibandiko walikuwa wakiiga kwikwi ile na kucheka huku wakifungua aproni.

Tukaanzia hapo. Waliimba pamoja, watatu, wamesimama mbele ya simu yangu kama kwaya: Mama Lebo chini, Mzee Volti juu, Mama Mkunga katikati kwa sababu alikataa kuwekwa pembeni. Wakamaliza na kwikwi. Nilizipanga sauti hizo moja juu ya nyingine mpaka zikawa kitu kimoja, nikakicheza. Mzee Volti alivaa kofia yake taratibu.

Jioni hiyo niliweka spika ndogo dirishani, upande wa kiwandani. Bibi alikuwa tayari getini. Nikabonyeza.

Sauti ilipanda juu ya kichochoro. Bibi aliinua kichwa. Uso wake ukalegea, ukatabasamu, ukawa wa mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye.

"Ehee," alisema. "Leo kimechelewa."

Nilikimbia kwenda kwake. "Kimelia, Bibi. Umekisikia? Basi tuingie."

"Tuingie wapi? Kikilia ndio kwanza anatoka." Aliniwekea kidole mdomoni. "Nyamaza basi, nimsikie."

Akasimama pale muda mrefu kuliko siku zote, mwili wote umekuwa sikio. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimetafuta ufunguo mahali pote, na nilipoupata nikafungulia mlango wa kungoja zaidi.

"Unasikiliza nini, Bibi?" niliuliza mwishowe.

"Baiskeli."

"Kengele yake?"

"Kengele gani? Yule alikuwa na kengele?" Alicheka kicheko kilichoishia kikohozi. Alichukua kijiko kilichokuwa ndani ya kikombe cha bati nilichomletea, akagonga ukingo wa kikombe, haraka haraka. Tra-tra-tra-tra-tra. Akanyamaza. Kisha tra! moja, nzito. "Hapo karuka ukingo wa geti," alisema. "Hapo ndipo nafunga."

*

Niliijua baiskeli hiyo ya Babu. Niliipita kila asubuhi. Ilisimama kwenye pembe ya chumba cha chama, juu ya ubao maalumu, na kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: baiskeli ya mfanyakazi wa kiwanda cha viberiti. Shangazi ndiye aliyeitoa mwanzoni mwa mwaka, aliposafisha banda. Ilikuja imeliwa na kutu, na Fundi wa baiskeli, mwanachama wetu mpole asiyependa vikao, aliishughulikia msimu mzima wa mvua. Akaisugua, akaipaka rangi, akaikaza. Ilipokwisha, watu walikuja kuitazama tu.

Asubuhi iliyofuata nililinyanyua gurudumu la nyuma na kuliachia. Likatua chini kama paka.

"Umesikia?" Fundi alikuwa nyuma yangu na kitambaa chake cha kufutia, anatabasamu. "Hakuna. Baiskeli hii ukipita nayo kando ya mtoto aliyelala, haamki."

"Fundi, kabla hujaitengeneza, ilikuwa inalia? Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki."

"Inalia? Ilikuwa inapiga kelele! Madigadi ya nyuma, hili bati linalofunika tairi, bolti yake ilikuwa imepinda. Ikitembea, bati linagonga fremu. Sijui mwenyewe aliwezaje kuivumilia."

Nikamwambia habari za Bibi. Nilimwambia yote: geti, mapafu, Shangazi na mwisho wa mwezi. Alisikiliza huku akikunja kitambaa chake, akikikunjua, akikikunja. Nilipofika mwisho, alielewa ninaomba nini kabla sijakisema.

"Unataka niiharibu."

"Nataka uilegeze. Kidogo tu."

"Mwanangu." Aliketi kwenye kibao. "Karakana yangu ilibomolewa. Kiwanda kilibomolewa. Kila kitu cha mtaa huu nimekiona kikipita juu ya lori la vyuma chakavu. Hiki ndicho kitu kimoja kilichokuja kwetu kibovu kikawa kizima. Kimoja. Leo unaniambia tukirudishe ubovuni, kitoke nje, kinyeshewe?"

Nilimwonea huruma, na nilimwona ana haki. Mama Mkunga, ambaye alikuwa anasikiliza kutoka mlangoni kinyume cha sheria yake mwenyewe, ndiye aliyeingia na kuketi kati yetu.

"Kwanza tujue kama ni kweli," alisema. "Waiteni mashahidi."

Mzee Volti aliingizwa peke yake. Nilimuuliza kama anakumbuka baiskeli yoyote kiwandani iliyokuwa na sauti ya pekee. Sikuwa nimemaliza swali.

"Bendi!" alisema. "Baiskeli ya Bendi! Tulikuwa tunaiita hivyo. Ilikuwa ikitoka getini, walinzi wanapiga saluti. Huyo jamaa hakuwa na kengele, alikuwa na bendi nzima."

Mama Lebo aliingizwa baada yake, na Mzee Volti akawekwa maktabani asije akamkonyeza. Alifikiri kidogo, dole gumba likipiga pasi meza.

"Kulikuwa na kaka mmoja wa idara ya vijiti," alisema. "Tulikuwa tukisikia tra-tra-tra yake nje ya dirisha, tunaambiana, Bendi imepita, hebu nasi twendeni. Kila mtu alimwambia atengeneze. Anajibu, mke wangu akiisikia anaweka chai. Nikiitengeneza nitakunywa chai ya baridi."

Fundi alitazama mikono yake.

"Wawili hao," alisema Mama Mkunga. "Wa tatu?"

"Wa tatu yuko getini," nilisema.

"Basi apelekewe." Akamgeukia Fundi, na sauti yake ikawa ile anayoitumia kwa wanaoogopa. "Baba, hakuna aliyefanya kazi nzuri kama wewe. Tumeitunza rangi yake, tumetunza vyuma vyake. Tumesahau kumuuliza mwenyewe anaikumbuka kwa kitu gani."

Fundi aliinuka kwenye kibao. Kisha akaichukua baiskeli begani, kama mtu anayembeba mgonjwa wake, akatoka nayo uani.

Tuliwakalisha Mzee Volti na Mama Lebo kwenye viti, migongo kwa baiskeli, ili wasikie bila kuona. Fundi alilegeza bolti ya madigadi kwa spana, akaitembeza baiskeli juu ya mawe. Krrr, krrr.

"Hiyo ya tarishi," alisema Mzee Volti.

Akalegeza zaidi. Gadang, gadang.

"Hilo toroli la mchanga," alisema Mama Lebo. "Fundi, wewe kutengeneza unajua, kuharibu hujui kabisa."

"Nyamazeni na nyie," alisema Fundi, lakini nilimwona anacheka ndani ya ndevu. Alijaribu tena, akajaribu na karatasi katikati, akajaribu kulikunja bati. Haikuwa. Alisimama akakuna kichwa, akaingia ndani, akarudi na kopo la vyuma. Katika chama chetu hatutupi kitu, na Fundi ndiye mbaya kuliko wote. Alichakura mpaka akatoa bolti moja yenye kutu, imepinda kama kidole kizee. Aliing'oa ile mpya inayong'aa, akaitia ile ya zamani mahali pake.

Akasukuma.

Tra-tra-tra-tra-tra.

Mama Lebo aliushika mtandio wake machoni. Mzee Volti, sidhani kama alijua, kidole chake kilikuwa kimebonyeza paja lake, kwa nguvu, kama swichi.

"Nilidhani nimeitibu," alisema Fundi polepole.

*

Ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Nilipopita nyumbani mchana, Shangazi alikuwa amekwisha fika. Begi kubwa la bluu lilikuwa juu ya kitanda cha Bibi, tupu, limefunguliwa mdomo. Nilimwomba angoje jioni moja. Hakunijibu, ila hakuanza kupanga nguo.

Swali lililobaki lilikuwa nani ataipanda. Mzee Volti alijitolea, akasema hata koti la kiwanda bado analo.

"Ukivaa koti la kiwanda nakutoa kwenye chama," alisema Mama Mkunga. "Hatuendi kumdanganya mtu mzima. Ataipanda mjukuu, kwa uso wake mwenyewe."

Nami nilikuwa nimejifunzia baiskeli hiyohiyo, mguu mmoja umepitishwa chini ya mtalimbo wa fremu, Babu akikimbia nyuma yangu ameshika kiti. Sasa miguu ilifika kwenye pedali. Jua lilikuwa limeegemea mapaa, pumzi zetu zilikuwa zinaonekana. Nilianzia juu, pale lilipokuwa geti la kiwanda. Nyuma yangu walikuja kwa miguu, Mama Mkunga mbele, Fundi mwishoni na spana mfukoni, kwa sababu walisema ushahidi haukamiliki bila wao.

Bendi ilianza kupiga. Kichochoro kile kina kuta pande zote mbili, na sauti ilitutangulia. Dirisha moja lilifunguliwa. Mwanamke aliyekuwa anaanua nguo alisimama na shuka mikononi. Mzee mmoja akatoka mlangoni bila viatu, akasema, "Haa!" basi, hilo tu.

Nilimwona Bibi kabla hajaniona. Shangazi alikuwa amesimama karibu yake na blanketi. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Kisha, kwa mikono miwili, alilisukuma geti likafunguka lote, akasogea pembeni kama anavyosogea mtu anayejua ukubwa wa kinachoingia.

Nikaruka ukingo. Tra!

Nilishika breki uwanjani na kugeuka. Niliogopa macho yake. Niliogopa atamtafuta nyuma yangu asimwone, na kwamba Babu atakuwa amemfia mara ya pili.

Alinitazama. Alitazama baiskeli. Aliweka kiganja juu ya kiti, akakipapasa.

"Mke mwenzangu," alisema, "kumbe umeweza kuipanda. Zamani ulikuwa unaning'inia kama popo."

"Nimeweza, Bibi."

"Hm." Aliligonga madigadi kwa kidole, likalia kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Fundi wenu kakaa nayo mno. Nilidhani ameiuza."

Nilimsikia Shangazi akivuta pumzi.

Bibi alirudi getini. Akalisukuma, akasimama, kwa sababu wazee wanne walikuwa wamerundikana nje wanahema.

"Na nyie mnaingia au mnabaki? Nafunga mimi."

Waliingia, mmoja mmoja, wanajipangusa miguu kama watoto waliochelewa shule. Bibi alifunga geti. Akalisukuma komeo mpaka mwisho, akalijaribu, akajifuta mikono kwa shali. Kisha akapita katikati yetu, bila kushikwa mkono, bila kubembelezwa, akaingia ndani kwenye joto.

"Mke mwenzangu!" aliita kutoka jikoni. "Chai! Na uiweke majani safari hii, mume wetu si mgonjwa."

Sijui jioni ile alikuwa wapi hasa, leo au zamani. Pengine alikuwa kote kuwili, na kote kuwili geti lilikuwa limefungwa.

Nilimkuta Shangazi kwenye ukuta wa banda, ameficha uso.

"Mimi ndiye niliyemwambia inakwenda kwa fundi," alisema. "Siku ile nasafisha. Sikutaka abishe. Nikamwambia, Mama, inakwenda kwa fundi, akasema haya. Kila mwaka ilikwenda kwa fundi na kurudi. Ikiwa bandani, kwake yeye Babu yako yuko ndani. Na jioni zile zilianza lini?" Alinitazama. "Zilianza baada ya hapo, sivyo?"

Nilijaribu kukumbuka, na ilikuwa hivyo. Nilimshika mkono.

Ndani, Mama Mkunga alikuwa ameanza kazi. Aliwatoa wengine wote jikoni, akaketi mbele ya Bibi, akamuuliza kwa heshima zote za chama: mama, baiskeli ya mumeo ilikuwa inaliaje?

Bibi alimtazama kwa mashaka.

"Si imeingia sasa hivi? Au na wewe masikio yamekwenda?"

Kicheko chetu kilisikika, nadhani, mpaka kiwandani. Mama Mkunga aliandika: shahidi wa tatu.

Shangazi alilala kwetu usiku huo, na uliofuata. Jioni ya pili Fundi ndiye aliyeipanda Bendi, wima kama bwana harusi, na Bibi akafunga geti akaingia. Siku ya tatu Shangazi alirudi kwake. Begi la bluu aliliacha, limetundikwa nyuma ya mlango.

"Usilitupe," aliniambia. "Sijasema sitalitumia. Nitakuja kuona."

"Njoo tu, Shangazi. Njoo hata kila siku."

"Nani atanipandisha baiskeli?" alisema, akaondoka haraka kabla sijaona macho yake.

Jarida la kipupwe lilitoka likiwa limechelewa. King'ora kilipata ukurasa, na ugomvi wa kwikwi ukapata sanduku lake, maana Mzee Volti alitaka iandikwe kwamba mota haikuwa kosa lake. Kwenye ukurasa wa mwisho, penye habari za chama, niliweka tangazo fupi. Nilimsomea Bibi asubuhi, wakati akili yake iko mezani pamoja nasi, kabla halijaenda kuchapwa: *Baiskeli iitwayo Bendi inaonekana chumbani kwetu asubuhi na mchana. Jioni haipo. Jioni iko nyumbani. Mwanachama anayetaka zamu ya kuirudisha amwone Fundi, ambaye pia huangalia bolti isije ikakaza.*

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akapuliza chai yake, ambayo safari hiyo haikuwa na kasoro.

"Mmesahau," alisema.

"Tumesahau nini, Bibi?"

"Hamkuandika nani anafunga geti."

Nikachukua kalamu, nikaandika.